Kutoka kioo cha sentimita mbili hadi paneli nzima: mwongozo kamili wa kukuza utengenezaji wa sola za perovskaiti ukiwa Mombasa

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hizi namba zinazorushwa kila siku. Ukisikia seli ya perovskaiti (fuwele inayonasa mwanga, hii yetu ina risasi na iodini ndani yake) imegeuza zaidi ya asilimia 26 ya mwanga kuwa umeme, mara nyingi hiyo ni seli ambayo eneo lake halifiki hata sentimita moja ya mraba, imetengenezwa ndani ya boksi la naitrojeni na mtu mwenye mkono mzuri. Zile tandemu, yaani seli mbili zilizobebana, za kampuni ya LONGi ya China zilizofika asilimia 34.6 mwaka 2024 nazo ni seli ndogo, halafu chini yake kuna silikoni. Kutoka 2009, wakati Tsutomu Miyasaka na wenzake kule Japani walipopata asilimia 3.8, hadi hapa tulipo ni mwendo wa ajabu, hakuna ubishi, lakini rekodi huwezi kuipandisha juu ya paa Likoni ikawasha taa.

Kazi yote ya kukuza hii kitu, kwa maoni yangu, iko kwenye kukausha. Ukaushe hewa, ukaushe wino kwa wakati wake, halafu uhakikishe maji hayarudi ndani miaka yote paneli itakayokaa juani. Na hapo ndipo sisi wa pwani tuna kazi mara mbili ya mtu wa Nakuru.

Nachukulia umeshawahi kutengeneza seli ndogo kwa kile kimashine cha kuzungusha kioo, labda ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha TUM pale Tudor au ni fundi wa sola uliyechoka kuuza vya watu. Lengo letu hapa ni paneli ya sentimita 30 kwa 30. Kile kimashine kiage mapema, manake zaidi ya asilimia 90 ya wino kinaurusha ukutani, na kioo kikiwa kikubwa katikati kunatoka sawa na pembeni kunatoka vibaya.

Chagua njia kabla hujanunua hata glavu

Njia ziko tatu kubwa. Ya kwanza ni kuvukiza kemikali kwenye chumba cha vakyumu, inatoa tabaka safi sana na haihitaji kiyeyushi, lakini mashine zake bei yake ni ya nyumba kadhaa za Nyali. Ya pili ni kupaka wino kwa kichwa chenye mwanya mwembamba, wenyewe wanaita sloti-dai, wino unashuka kama pazia kioo kikipita chini. Ya tatu ni ya kuprinti kwa skrini, tabaka tatu zenye matundu: titania (oksidi ya titani), zirkonia (oksidi ya zirkoni), kaboni, halafu perovskaiti inamiminwa mwisho kabisa inapenya hadi chini. Hii ya tatu ilipata jina 2014 kupitia kundi la Hongwei Han kule Wuhan, China.

Mimi nasema anza na ya tatu. Haina dhahabu wala fedha, haihitaji vakyumu, na kitu kinachoogopa unyevu unakiweka mwisho badala ya kuanza kukihangaikia mapema. Tena hapa mjini mafundi wa kuprinti fulana na mabango wamejaa, mtu anayejua kuvuta skwiji (ule mpira wa kusukumia wino) kwa mkazo ule ule kuanzia mwanzo wa skrini hadi mwisho ameshajua nusu ya kazi, utamfundisha usafi tu na kupima unene. Ubaya wake ni ufanisi, moduli nyingi za mtindo huu zimekaa karibu na asilimia 10. Lakini 2017 Giulia Grancini na wenzake kule Uswizi walitoa moduli za sentimita 10 kwa 10 zenye asilimia 11.2 zilizodumu zaidi ya masaa 10,000, na mimi kwa hewa yetu hii nachukua kudumu kwanza, asilimia baadaye.

Hatua ya 1: risasi

Usifungue mkebe wa iodidi ya risasi kabla hujamaliza hii. Piga hesabu kidogo: tabaka la nusu maikroni kwenye mita moja ya mraba ni nusu sentimita ya ujazo, uzito wake gramu 2 hivi, na thuluthi yake ni madini ya risasi, yaani gramu 0.7. Kwenye mtindo wa kaboni inazidi mara kadhaa kwa sababu wino unajaza matundu ya tabaka zote. Kwa paneli moja ni kidogo, ila wewe stoo utakuwa na kilo, si gramu, na hiyo ndiyo inayodhuru watu.

Na watu wa Mombasa hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Owino Uhuru iko hapo Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu risasi mwilini wakiwemo watoto, Phyllis Omido akapigania hadi akapewa tuzo ya Goldman 2015, mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 na baada ya rufaa Mahakama ya Upeo ikairudishia nguvu hukumu hiyo Desemba 2024. Kwa hivo nenda NEMA, mamlaka ya mazingira, ufanye tathmini ya mazingira, usitafute njia ya panya.

Mambo ya kila siku: kila mfanyakazi apimwe damu kabla hajaanza kazi, ndo baadaye mjue kama kiwango kinapanda. Hakuna chai wala mahamri ndani ya chumba cha wino. Viyeyushi vya wino navyo viangalie: DMF inapita kwenye glavu za nitraili haraka, tumia za mpira wa butili, na DMSO ni mbaya zaidi manake inapenya ngozi ikiwa imebeba risasi iliyoyeyuka ndani yake. Maji ya kuoshea vyombo hayaendi kwenye sinki. Yanakusanywa kwenye pipa lenye lebo, na vioo vilivyoharibika pia vina pipa lao, usimpe mtu wa vyuma chakavu.

Hatua ya 2: hewa ya chumba

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Wananunua AC mbili wanadhani wamemaliza.

Hewa yetu ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75 imebeba karibu gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukitaka chumba cha nyuzi 25 na unyevu asilimia 30 unataka gramu 7 hivi, tofauti ni 16. Sasa chukua chumba cha mita za ujazo 50, mlango unafunguliwa ovyo, madirisha ya zamani, hewa inabadilika mara tano kwa saa: ni lita 4 za maji kila saa zinaingia na wewe unatakiwa uzitoe, mchana na usiku. AC ya kawaida inatoa maji kiasi, lakini ikishafika nyuzi ulizoseti inapumzika, na hewa iliyopoa bila kukaushwa unyevu wake wa asilimia unapanda badala ya kushuka. Hewa ya nyuzi 30 na asilimia 75 ikigusa kitu chenye nyuzi 25 tayari inatoa umande, kwa hivo hata kioo kilichotoka chumba cha baridi ukikipitisha koridoni kinalowa bila wewe kuona.

Suluhisho langu: usikaushe chumba, kausha boksi. Jenga kabati la akriliki au alumini na kioo kuzunguka meza ya wino na oveni ya mwisho tu, mita mbili tatu za ujazo, weka diyumidifaya, mashine ya kunyonya unyevu, ya aina ya gurudumu la silika (ile ya kugandisha inachoka ukishuka chini ya asilimia 40), na uingize hewa kavu kidogo kidogo ili presha ya ndani iwe juu ya nje, tundu likiwepo hewa itoke badala ya kuingia. Hewa ya kompresa ya kawaida ya gereji imejaa maji na mafuta, usithubutu. Tafuta isiyotumia mafuta, na mbele yake kikaushio cha kemikali kinachokausha hewa hadi isitoe umande mpaka nyuzi hasi 40.

Kuprinti titania, zirkonia na kaboni kunaweza kufanyika nje ya boksi, chumba cha kawaida chenye AC na kisicho na vumbi kinatosha, manake zote zinachomwa baadaye.

Halafu stima. Tanuri ikizimika katikati utaanza upya na kioo kitapona, lakini wino ukiwa unakauka stima ikapotea hicho kioo ni taka yenye risasi. Weka betri na inveta kwa boksi, feni na hotipleti ya mwisho, mengine yasubiri.

Hatua ya 3: kioo na mkato wa kwanza

Nunua kioo chenye FTO, tabaka angavu linalopitisha umeme, ile ya kampuni ya NSG wanayoiita TEC 15 au TEC 7, namba hiyo ndiyo ukinzani wake. Usichukue ITO, tabaka jingine angavu la aina hiyo, joto la tanuri litaiharibu.

Leza inakata FTO mistari kwanza, huo ni mkato P1. Leza ya nanomita 1064 inatosha. Pima kwa multimita kila mstari, pande mbili zisiongee hata kidogo, na urudie baada ya kuosha kwa sababu uchafu wa leza unaweza kuziunganisha tena.

Kuosha: sabuni ya maabara, maji, alkoholi ya isopropili, halafu ozoni ya UV. Maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi, yakikauka kwenye kioo yanaacha madoa na kila doa litakuwa tundu kwenye tabaka la juu, kwa hivo ni maji yaliyochujwa hadi ayoni zimetoka, sio ya bomba wala ya bauza.

Hatua ya 4: kuprinti tabaka

Titania nzito kwanza, nanomita 30 hadi 50, inapulizwa kwa spreyi kioo kikiwa kwenye hotipleti ya moto mkali. Tabaka hili ndilo linalozuia umeme kurudi nyuma, likiwa na matundu paneli nzima inavuja. Funika kwa kipande cha kioo sehemu ambazo FTO inatakiwa ibaki wazi.

Juu yake titania yenye matundu, chini kidogo ya maikroni moja, kausha, choma nyuzi 500. Zirkonia maikroni 2 hivi. Kaboni maikroni 10 hadi 15, choma nyuzi 400. Kaboni ya seli moja lazima ipande juu ya FTO ya seli ya jirani, ndo seli zinashikana mkono, kwa hivo mpangilio wa skrini usiyumbe. Kwenye urefu wa sentimita 30, skrini iliyolegea inavuta picha nusu milimita na hiyo nusu milimita ni nusu ya nafasi yako yote ya kuunganisha. Weka alama za msalaba pembeni mwa kioo, na skrini zikilegea zitie mkazo upya, usibembeleze.

Pasha na upoze taratibu. Kioo kikubwa kikipozwa haraka kinapasuka, au mbaya zaidi kinapinda kidogo na hutajua hadi siku ya kuziba.

Hatua ya 5: wino, na ule wakati wa kukauka

Wino wa mtindo huu ni iodidi ya risasi, iodidi ya methilamonia na asidi ya amino kidogo iitwayo AVA, vimeyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho GBL. GBL inadhibitiwa katika nchi kadhaa kwa sababu za dawa za kulevya, kwa hivo panga karatasi zake kabla kontena halijafika Kilindini. Chuja kwa filta ya maikroni 0.45 au chini, na kila mkebe mpya wa iodidi ya risasi tengeneza vioo vidogo vya majaribio kabla hujaumwaga kwenye kazi kubwa, mikebe miwili ya kampuni moja inaweza kutoa wino wa tabia mbili.

Miminia kiasi kile kile kwa kila seli, kwa pampu ya sirinji inayotembea, sio kwa jicho. Acha ipenye, halafu kausha kwa nyuzi 50 hivi ikiwa imefunikwa ili mvuke usikimbie haraka. Uzuri wa matundu ni kwamba fuwele zinakulia ndani ya nafasi zilizopangwa tayari, kwa hivo kuna uvumilivu wa dakika badala ya sekunde. Kuna hata watafiti walioonyesha kwamba seli za AVA zikikaa kwenye joto na unyevu uliopimwa baada ya kukauka zinaimarika, usichukue hiyo kama ruhusa ya kuacha boksi wazi, unyevu uliopimwa na unyevu wa Mei hapa Mombasa si kitu kimoja.

Siku utakapotaka kupanda daraja, yaani tabaka laini la nusu maikroni kwa sloti-dai, ndipo utajua kukausha ni nini. Hesabu ya unene ni rahisi: unene wa mbichi ni kiasi cha wino kwa sekunde ukigawa kwa upana mara mwendo. Wino wa nusu mola kwa lita, ukitaka nanomita 500 kavu unahitaji karibu maikroni 6.6 mbichi. Kichwa cha upana wa sentimita 10, kioo kinatembea milimita 5 kwa sekunde, pampu iweke mililita 0.2 kwa dakika. Hapo hujafanya kitu bado, umelowesha kioo tu.

Kinachofuata ni kama kupika shira ya kashata, kuna wakati sukari iko tayari kushika na ukiukosa inageuka chembe. Wino ukiachwa ukauke wenyewe, fuwele chache zinaanza hapa na pale zinakua kubwa kama miiba, katikati yake kioo kinabaki wazi. Unachotaka ni fuwele nyingi mno zianze kwa pamoja. Kwenye maabara watu wanamwagia klorobenzini, kwenye kioo cha 30 kwa 30 hiyo haifai, ni sumu na haisambai sawa. Kinachofanya kazi ni kisu cha hewa: mwanya mrefu unaopuliza hewa kavu au naitrojeni ukifuata nyuma ya kichwa cha wino kwa umbali uliopimwa, au kufunika kioo na kunyonya hewa kwa vakyumu ghafla. Ukipuliza mapema sana wino unasukumwa mawimbi, ukichelewa unapata miiba. Badilisha umbali kati ya kichwa na kisu, shikilia mwendo na joto, na uandike kila kioo, manake dirisha la wakati linahama joto la chumba likibadilika hata nyuzi mbili tatu. Ndo maana nikasema boksi.

Hatua ya 6: upana wa seli

Watu wanapenda seli pana kwa sababu mistari ni michache. Tatizo ni kwamba FTO si waya, na hasara inapanda kwa mraba wa upana. Kwa TEC 15, seli ya milimita 5 inapoteza kama asilimia 3 na nusu, ya milimita 10 inapoteza karibu 14. Upande wa pili, kila mstari wa kuunganisha unakula nafasi isiyozalisha kitu. Milimita 5 za kazi na moja ya kuunganisha ni sehemu nzuri ya kuanzia, baadaye ukiwa na leza nzuri punguza hiyo moja iwe nusu au chini.

Acha milimita 12 pembeni pote bila kitu. Kwa 30 kwa 30 unabaki na sentimita 27.6, seli 46 mfululizo. Kila moja ikitoa volti 0.65 kazini ni volti 30, mkondo robo ampea, wati 7 na kitu. Paneli ya silikoni ya ukubwa huo inakaribia wati 18, kwa hivo tusidanganyane, hii ya kwanza haiendi kushindana na mali ya Mwembe Tayari. Inakufundisha laini ya uzalishaji, na laini hiyo ndiyo utakayoibeba kwenda kwenye wino bora.

Hatua ya 7: kukagua bila mashine za bei mbaya

Perovskaiti ikipigwa mwanga wa bluu inarudisha mwanga mwekundu wa mbali, karibu nanomita 770, jicho halioni vizuri. Chukua kamera ya CCTV ya usiku ambayo haina filta ya kuzuia infraredi, mbele yake filta inayozuia bluu, mwagia kioo mwanga wa LED za bluu upande wa kioo kwenye giza. Sehemu zilizokauka vibaya zinaonekana madoa, mistari ya kisu cha hewa inaonekana, hata mahali pampu ilishtuka. Piga picha kila kioo na uiweke na namba yake.

Sababu ya kukagua kila hatua ni hesabu mbaya sana: hatua kumi, kila moja ikifaulu asilimia 95, mwisho unabaki na paneli 60 kati ya 100. Zikifaulu 99 unabaki na 90. Kioo kibovu kitupe kabla hakijapata wino, wakati bado ni kioo tu.

Hatua ya 8: kuziba

Kioo mbele, kioo nyuma. Plastiki ya nyuma ya paneli za kawaida sahau, inapitisha mvuke. Na ile EVA ya kawaida, plastiki ya kugandishia vioo, usitumie, ikizeeka inatoa asidi ya siki na perovskaiti haiipendi kabisa. Tumia plastiki ya poliolefini katikati, na pembeni utepe wa butili wa milimita 10 na zaidi ulioshikana na kioo kitupu, ndo ile milimita 12 tuliyoacha. Kama kuna titania au kaboni chini ya utepe, maji yatapita humo humo polepole. Laminesheni kwa vakyumu nyuzi 120 hivi, dakika chache. Kabla ya hapo paneli ikae kwenye boksi kavu usiku mzima, unyevu ukiufungia ndani umejizibia adui mwenyewe.

Pale nyaya zinapotoka ndipo kila kitu kinapovujia, toboa kioo cha nyuma badala ya kuzipitisha pembeni, na uzibe tundu kwa butili.

Hatua ya 9: kupima

Usiamini mchoro mmoja wa volti na mkondo, hizi seli zinadanganya: ukipima ukipandisha volti unapata jibu moja, ukizishusha jingine, na zile za kaboni ni nzito zaidi kuitikia. Ishikilie kwenye nguvu ya juu, yaani volti inayotoa wati nyingi kuliko zote, kwa dakika tano na zaidi, namba iliyotulia ndiyo yako.

Mtihani mkubwa unaitwa IEC 61215, ndani yake kuna masaa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu asilimia 85, na mizunguko 200 kutoka hasi 40 hadi 85. Kwa pwani ongeza IEC 61701, ule wa ukungu wa chumvi. Kabla ya kulipia maabara weka paneli chache zilizozibwa bila seli ndani, na karatasi ya kobalti inayobadilika rangi ikigusa unyevu, uzichemshe kwenye boksi la joto na mvuke. Karatasi ikigeuka waridi rudi hatua ya 8, usiendelee.

Halafu zipandishe paa. Perovskaiti inaumia tofauti ikipata mchana na usiku kuliko ikiwashiwa taa mfululizo, kwa hivo paa ni lazima. Weka nyingine karibu na bahari na nyingine bara kidogo, tuseme Nyali na Mariakani, za kundi moja la wino, kila moja na kifaa kinachoishikilia kwenye nguvu ya juu na kurekodi joto la kioo cha nyuma. Zipitishe kaskazi, mvua ya masika na kusi yote. Kila mwezi zishushe, zipige picha na kamera yako ya CCTV, ulinganishe na picha ya siku zilipozaliwa, na angalia pembe kwanza, hapo ndipo njano ya iodidi ya risasi inapoanzia.